Spoku Mbili za Mrina Asali

Ni wiki ya tatu tangu nirudi, na gurudumu langu la nyuma bado lina zile spoku mbili alizonifungia mrina asali katika msitu ulio kati ya Kitunda na Ipole, mkoani Tabora. Fundi wa mtaani kwetu ameniambia mara mbili nimwachie baiskeli azibadilishe, nami sijamwachia.

Zilikatika asubuhi moja ya Julai, katika barabara ya changarawe, nikiwa nimekwenda saa tatu nzima bila kuona nyumba. Zote mbili zilikuwa za upande wa mnyororo, na hapo ndipo penye tabu, kwa sababu spoku za upande huo hukazwa kuliko za upande wa pili ili gia zipate nafasi, kwa hiyo ndizo zinazochoka mapema. Tena matundu yake yamejificha nyuma ya meno ya gia, ambayo hayatoki bila kifaa chake maalumu. Nilikuwa na viraka, solusheni, pampu na ufunguo wa spoku. Kifaa hicho sikuwa nacho, wala spoku ya akiba. Rimu ilipinda hata ikawa inasugua fremu, na simu haikushika mtandao.

Nilisukuma baiskeli kwa muda wa saa mbili, mbung'o wakiniandama kwa ajili ya shati langu la buluu, rangi wanayoipenda mno, hadi nilipoona moshi katikati ya miti.

Nilimkuta mzee mmoja peke yake kambini, akitengeneza mzinga wa gome. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza ninatoka wapi, nyumbani hawajambo, na tangu asubuhi nimekula nini. Baiskeli hakuitupia jicho mpaka nilipokwisha kunywa maji na kukaa kivulini. Wakati ule nilikuwa na haraka na nilijibu kwa mkato, jambo ambalo linanisuta mpaka leo.

Baiskeli yake ilikuwa Phoenix ya inchi 28, iliyoimarishwa keria kwa nondo ili ibebe madumu ya asali. Alichomoa spoku mbili katika gurudumu lake la nyuma, lenye spoku 40, akasema zilizobaki zitatosha kumfikisha nyumbani. Kwa gurudumu langu la inchi 26 zilikuwa ndefu. Alizipima kwa kuzilaza juu ya ile iliyokatika, akakata kichwa cha kila moja kwa koleo, kisha akaikunja ncha mara mbili, huku na huku, mfano wa herufi Z, akaipenyeza katika tundu la kitovu cha gurudumu bila kufungua gia hata moja. Ncha ile ilijishikiza yenyewe. Tuliipindua baiskeli, yeye akashika kijiti karibu na rimu, mimi nikakaza nusu mzunguko, nikazungusha gurudumu, nikakaza tena, mpaka kijiti kikaacha kuguswa.

Kisha akasonga ugali. Unga aliutoa katika mfuko uliokunjwa mdomo mara nyingi, tukala kwa nsansa, yaani mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, naye akawa ananisogezea upande wangu.

Nilipotaka kumlipa alikataa katakata. Aliniomba jambo moja tu: nikifika Ipole nimweleze mkewe kwamba atakawia siku nne zaidi, kwa kuwa mizinga ya mbali bado haijajaa.

Nilifika Ipole jioni ya siku ya pili, nikaelekezwa hadi kwake, nikamfikishia ujumbe. Mama yule alinishukuru, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na unga, mwanangu, umemtosha?"

Nilimjibu kwamba niliuona umebaki kidogo, na kwamba baadhi yake niliula mimi. Akanikaribisha kiti, akachukua khanga yake, akatoka kwenda kuuliza kwa majirani ni nani atakayepita njia ile kesho.