Nimerudi Dar, nimekwenda kumsalimia Askari

"Askari yupi, mzee? Wa kituo cha polisi, Sentro?" Dereva aliyeniuliza hivyo ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimemwambia anipeleke Askari, basi, kama tulivyozoea kusema zamani, na enzi zile hakuna mtu wa Dar aliyehitaji maelezo zaidi. Nikamfafanulia: sanamu la Askari, kwenye kipilefti, Samora na Azikiwe. "Aa, Posta!" akasema, akaondoa gari. Njiani nikamuuliza kama anajua yule askari ni nani. Akanijibu kwa adabu kabisa kwamba kazaliwa mjini, anapita pale karibu kila siku, ila hajawahi kumtazama.

Nimekaa Hamburg miaka kumi na minane. Nilijiandaa kukuta mengi yamebadilika. Mwendokasi nilikwishauona kwenye simu, maghorofa vilevile, na soko la Kariakoo lilivyoungua Julai 2021 nililitazama usiku kucha nikilia. Hili la Askari sikulitegemea, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Mnakumbuka alivyokuwa mkubwa? Mimi namkumbuka kama mlima. Siku hizi maghorofa yamemzunguka hadi ameonekana mdogo, mtu mmoja wa shaba nyeusi katikati ya magari, bunduki ameishika kwa mikono miwili, singe imetangulia kuelekea bandarini. Nilisimama upande wa Samora karibu saa nzima. Machinga mmoja alinifuata mara tatu na mikanda yake, mwisho akaniuliza, "Mzee, umepotezana na mtu?"

Ndiyo, nimepotezana na mtu. Lakini ili mnielewe, lazima nianzie Hamburg.

Kule, mwaka wa tatu wa kukaa kwangu, nilikuta maktabani picha ya zamani ya Dar. Ni mahali palepale, ila juu yake amesimama Mjerumani: Hermann von Wissmann, yule aliyetumwa mwaka 1889 kuja kuvunja vita vya Abushiri, kiongozi wa watu wa pwani waliowapinga Wajerumani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Wissmann alikufa mwaka 1905, na mwaka 1909 wenzake wakamwekea sanamu Dar. Kilichonishika si yeye. Chini, miguuni pake, mchongaji aliweka askari Mwafrika, uso ameuinua anamtazama bwana wake juu. Niliitazama shingo ya yule mtu ilivyopinda, nikafunga kitabu. Kesho yake nikarudi kukifungua tena.

Waingereza waliingia Dar Septemba 1916, wakaling'oa. Lilipelekwa Uingereza, Wajerumani wakarudishiwa, na mwaka 1922 likasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi wakaliangusha mwaka 1967, likarudishwa, wakaliangusha tena mwaka 1968, na safari hiyo halikuinuliwa. Nilikuwa nikipita hapo chuoni nikienda kazini, nikawa najiambia: angalau kwetu Askari amesimama juu, peke yake, hamtazami bwana yeyote. Hilo lilinipa nguvu miaka mingi. Niliwaeleza watu kwa kujivuna.

Sasa nimerudi, na kwa mara ya kwanza maishani nimeyasoma maandishi yaliyo chini yake. Utotoni tulikuwa tunapita tu. Yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Maneno aliyatunga Rudyard Kipling, yule mshairi Mwingereza. Yanasema ni ukumbusho wa askari Waafrika waliopigana katika vita vya 1914 hadi 1918, na wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwisho yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Jina lako! Niliposoma neno hilo miguu iliniisha nguvu, kwa sababu nililitafuta jina, hata moja, nikalikosa.

Babu yangu alikuwa akisimulia kwamba baba yake alichukuliwa Uluguru akiwa kijana, akabebeshwa mizigo ya Waingereza kuelekea Rufiji. Alirudi na bega moja limeshuka. Wenzake wengi hawakurudi: malaria, kuhara damu, njaa, mvua ya msituni. Vita ile ilimalizika Novemba 1918 mbali kabisa, Abercorn, ambako sasa ni Mbala, Zambia, na mizigo ilifuata nyuma ya majeshi mabegani mwa watu. Hapa Dar walikaa kambini mahali ambapo jina la kikosi chao cha wachukuzi, Carrier Corps, lilitamkwa na wenyeji likawa Kariakoo. Tunanunua nyanya na vitenge juu ya kumbukumbu ya watu hao, tunaitamka kila siku, na wao wenyewe hatuwajui.

Mchongaji wa Askari wetu, James Alexander Stevenson, alitengeneza na ya Nairobi, ile ya Kenyatta Avenue ya mwaka 1928, mwaka mmoja baada ya yetu kuzinduliwa. Nairobi mpagazi amesimama juu pamoja na wenye bunduki. Hapa aliyepewa nafasi ya juu ni mwenye bunduki peke yake. Nimekuwa nikiliwaza hilo usiku: hata katika shaba, yule aliyebeba hakupanda.

Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi hadharani. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote, na kwamba huenda wanafika 350,000. Niliisoma habari hiyo nikiwa kwenye treni. Baba wa babu yangu aliirudia nyumba yake, kwa hiyo hayumo katika hesabu hiyo. Lakini wale aliotembea nao wamo.

Kwa mnaorudi likizo, nawaomba: nendeni Jumapili asubuhi na mapema, kabla magari hayajaanza, muweze kukaribia. Mchukueni mzee anayesoma herufi za Kiarabu, awasomee Kiswahili kile kwa sauti. Halafu tembeeni kwa miguu mpaka Kariakoo. Na muwachukue watoto, hasa watoto wenu waliozaliwa ughaibuni. Sisemi sanamu lihamishwe. Ni la mfalme wa Waingereza, najua, ila sura ile ni ya babu zetu na nimeipenda tangu sijajua kusoma.

Jana jioni nilimpigia shangazi, ndiye mkubwa aliyebaki kwetu. Nikamwambia, shangazi, shikamoo, naomba jina la baba yake babu. Akanyamaza. Akataja la ukoo. Nikasema, si la ukoo, lake mwenyewe, alilopewa na mama yake. Akanyamaza tena, nikasikia anamuuliza mtu pembeni. Kisha akasema kule Matombo, Uluguru, yuko mzee mmoja, haoni vizuri lakini kichwa kizima, huyo anaweza kujua, na kwamba niwahi.

Naondoka Jumamosi, basi la kwanza.