Sandeman wa Baluchistan: Mshahara kwa Machifu

Robert Sandeman, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1835 na afisa wa utawala wa Waingereza nchini India, aliwekwa Dera Ghazi Khan, wilaya ya mpakani iliyopo Pakistan ya leo, mwaka 1866. Sera ya mpaka wakati huo ilikuwa kukaa ndani ya mstari wa mpaka, kisha kutuma jeshi makabila yakivamia. Yeye aliuvuka, akazungumza na machifu wa Kibaluchi ana kwa ana.

Mpango wake ulikuwa hivi: chifu analipwa posho, anatoa askari wa kabila lake kulinda barabara na barua, na mhalifu akijificha kwake, yeye ndiye anayedaiwa. Kesi zilikwenda kwa jirga, yaani baraza la wazee. Mkataba wa 1876 ulipandisha ruzuku ambayo Waingereza walimlipa Khan (mtawala) wa Kalat, dola la Baluchistan, kutoka rupia 50,000 hadi 100,000 kwa mwaka. Mwaka 1877 Sandeman akawa wakala wa serikali ya Waingereza Baluchistan, hadi alipofariki Las Bela, huko huko Baluchistan, mwaka 1892.

Ila posho hufanya kazi pale tu chifu anapotiiwa. Kwa Wamahsud, kabila la Waziristan, eneo la milima kwenye mpaka wa Afghanistan, ambako kila mwanamume alijiona sawa na mwenzake, mpango ulivunjika: mwaka 1893 baadhi ya wazee waliowakabidhi wauaji kwa Waingereza waliuawa wenyewe. Ni kosa kubwa, kwa maoni yangu, kuuiga mfumo bila kuijua jamii.