Mie Aceh: hatimaye mafuta yamepanda juu

Jana nimepika tena mie Aceh, tambi za nyama na mchuzi mzito wa viungo kutoka Aceh, Indonesia, na mafuta yamepanda juu ya rojo la viungo, mekundu, yakimetameta pembeni mwa karai, na ile harufu ya manjano mabichi haikuwepo kabisa. Nimefurahi mno. Kabla ya hapo nyama ilikuwa inaiva vizuri, tambi safi, lakini ukimeza unabaki na ukakasi kooni.

Tambi zenyewe hazinisumbui tena. Zile nene za ngano wanazotumia Aceh sizipati huku, kwa hiyo nachemsha spageti nene na kijiko cha chai cha bikaboneti kwa lita moja ya maji. Zinashika rangi na zinanyumbuka.

Kazi ilikuwa kwenye rojo. Pilipili kavu, vitunguu, saumu, manjano, giligilani, jira, shamari, iliki, pilipili manga. Mtu wa pwani haoni ugeni hapo: Aceh iko ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra, penye Mlango wa Malaka, na majahazi ya Waarabu na Wahindi yalitia nanga huko kwa karne nyingi. Badala ya kemiri, kokwa za mafuta wanazosaga kuufanya mchuzi uwe mzito, natia korosho.

Sasa, blenda haizunguki bila maji. Ukishayatia, lazima yakauke yote ndipo viungo vianze kukaangika, maana maji yakiwepo joto halipandi sana kupita nyuzi 100. Unachemsha tu. Huku korosho inashika chini. Ongeza moto, chini kunaungua na juu bado kubichi. Punguza, utasimama na mwiko mpaka bega liume. Limenikera jambo hili, kwa sababu mapishi mengi yanasema "kaanga mpaka inukie", basi, yanapita. Rojo bichi nalo linanukia!

Jana sikutia maji hata tone. Pilipili zilizolowekwa nilizikamua kwenye kitambaa, blenda nikaipa mafuta, korosho nikaisaga kavu peke yake na kuitia mwishoni. Moto wa wastani. Mwanzo rojo linatoa mvuke na kurukaruka. Baadaye mlio unabadilika, unakuwa mkavu, wa kuchakarisha. Rangi inatoka kwenye chungwa inakwenda kwenye wekundu wa udongo. Ukipitisha mwiko, njia yake haijifungi, na mafuta yanajikusanya humo. Hapo tia nyama.

Waindonesia wana cobek, jiwe la kusagia lililobonyea kidogo kama sahani, na nalitamani sana. Linaponda vitunguu bila kuomba maji. Kinu chetu cha mbao nakipenda kwa kisamvu, ila kwa rojo hili ni kirefu mno, pilipili inakurukia machoni. Na karai liwe la chuma zito. Vikaango vyepesi vinaunguza upande mmoja.

Leo nilipanga kutengeneza achari ya vitunguu ya kulia pembeni. Nimeiacha. Yale mafuta mekundu yamenikumbusha kwamba huko Aceh mie hii hupikwa pia kwa kaa, na rangi ya magamba yake huyeyukia kwenye mafuta. Kaa nimeshamwagiza kwa muuza samaki. Magamba nitayakaanga kwanza peke yake, niyatoe, halafu mafuta hayohayo ndiyo yakaange rojo.