Mshauri nasaha hapimwi kwa kujijazia fomu

Dodoso la kujipima linanikera kwa jambo moja: linapima kujiamini, halipimi umahiri wa kumhudumia mteja bila upendeleo wa kijinsia. Mpe mshauri nasaha sentensi kama "Najua mila zinavyowaathiri wateja wangu wanawake", atajipa 6 kati ya 7 bila kusita. Nani atajiandikia 2?

Mwaka 1970, huko Marekani, Inge Broverman na wenzake waliwagawia wataalamu 79 wa afya ya akili orodha ya sifa. Kundi moja lilieleza mwanamume mwenye afya, jingine mwanamke, la tatu mtu mzima bila kutaja jinsia. Maelezo ya mwanamume yakafanana na ya mtu mzima, ya mwanamke yakatofautiana. Na 33 kati ya wataalamu hao walikuwa wanawake, nao wakajibu vivyo hivyo, kwa hiyo kumpangia mteja mshauri mwanamke pekee hakutoshi.

Upendeleo kama huo mwenyewe hauoni, na fomu haiuonyeshi. Ndiyo maana naamini igizo. Mtu aliyefunzwa anacheza mteja kwa dakika 10 hadi 15, mwangalizi anatoa alama. ENACT, chombo cha kupimia stadi za ushauri kilichoanzia Nepal na sasa kimo kwenye EQUIP, jukwaa la WHO na UNICEF la kupima umahiri wa watoa msaada wa kisaikolojia, kina vipengele 15, kila kimoja na ngazi 1 hadi 4. Ngazi 1 haimaanishi "hajui bado". Maana yake ni mwenendo unaoweza kumdhuru mteja.

Mteja wa igizo analalamika kukosa usingizi, kisha anapenyeza: "Mume wangu akirudi usiku najifanya nimelala." Imewekwa makusudi. Anayeendelea kuulizia chai ya jioni imempita. Anayesema "vumilia mama, ndoa ndivyo zilivyo" anapata 1, hata kwa sauti ya upole kiasi gani. Anayeuliza "Anakupiga?" amethubutu, lakini kama hakueleza kwanza usiri na mipaka yake, wala kuangalia kama wifi yuko mlangoni, kipengele cha usiri kinabaki chini.

Waangalizi nao huteleza. Wawili watazame video ileile, kila mmoja aandike alama zake kabla ya kuzungumza. Wakishaanza kuzungumza, mdogo humfuata mkubwa. Tena jumla hudanganya: 45 kati ya 60 yaonekana nzuri, kumbe ndani mna 1 kwenye kuulizia ukatili. Mwenye 1 yoyote arudi mazoezini kabla hajakutana na mteja halisi, na igizo la pili liwe na kisa kingine, maana cha kwanza keshakikariri.