Kulia kwa Lugha ya Mwenzako

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu wiki hii ni fupi, na wengi wetu tunalijua kwa kichwa: "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao" (Warumi 12:15). Nimelisikia likisomwa kwenye misiba mingi, nami nimewahi kulisoma mwenyewe mbele ya jeneza. Safari hii limenijia kwa njia ya fidla.

Kijana mmoja wa kwaya yetu anajifunza kupiga fidla, au violini kama wenzake wanavyoiita. Jumanne alipita nyumbani akiwa nayo mgongoni, akanionyesha kwenye simu yake video ya zamani. Mwanamume wa makamo ameketi chini kwenye zulia, miguu ameikunja, fidla iko begani. Kando yake yuko Mhindi mwenye sitar, chombo cha nyuzi cha kwao chenye shingo ndefu, na mwingine anapiga tabla, ngoma mbili ndogo za Kihindi. Mwenye fidla anamtazama mwenye sitar jinsi mwanafunzi anavyomtazama mwalimu ubaoni, hataki kupitwa na kitu. Nikauliza, huyu ni nani? Akasema, huyu ni Yehudi Menuhin, na yule ni Ravi Shankar.

Nilikaa na video ile siku mbili. Nikaanza kusoma habari za mtu huyu, na naomba niwashirikishe kidogo, maana kuna jambo humo.

Menuhin alizaliwa New York mwaka 1916, mtoto wa Wayahudi waliotoka Urusi. Akiwa na miaka 7 alikwisha kupiga mbele ya watu pamoja na orkestra ya San Francisco. Aprili 1929, siku chache kabla hajatimiza miaka 13, alisimama Berlin akapiga konseto tatu jioni moja, yaani tungo ndefu za fidla na orkestra: ya Bach, ya Beethoven na ya Brahms. Wanaojua kazi hizo wanasema moja tu inamtoa mtu mzima jasho. Kwa hiyo kabla hajaota ndevu, dunia ilikuwa imeshamwita bingwa. Wakati wa vita kuu ya pili aliwapigia askari wa upande wa Washirika mara zaidi ya 500.

Halafu ikaja Julai 1945. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu jeshi la Uingereza liikomboe kambi ya Wanazi ya Bergen-Belsen huko Ujerumani, mahali ambapo maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na homa. Menuhin alikwenda pale na Mwingereza Benjamin Britten, aliyempigia piano. Waliowasikiliza walikuwa wale waliobaki hai. Miongoni mwao alikuwamo msichana aliyeitwa Anita Lasker, ambaye alikuwa amepona Auschwitz, kambi nyingine ya Wanazi, kwa sababu alijua kupiga cello, ile ndugu kubwa ya fidla, maana Auschwitz ilikuwa na bendi ya wafungwa. Hebu fikirini. Unashika fidla yako ya thamani mbele ya watu wa namna hiyo, unapiga nini? Unaanzia wapi? Mimi sijui ningeanzia wapi.

Miaka miwili baadaye alirudi Berlin, akapiga pamoja na Wilhelm Furtwängler, kiongozi wa orkestra ambaye alibaki Ujerumani karibu miaka yote ya Hitler. Menuhin alitaka upatanisho. Lakini Wayahudi waliokuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi palepale mjini waliumia sana, na alipotaka kuwapigia wao, wengi hawakwenda kumsikiliza. Namheshimu kwa nia yake. Lakini wale wa kambini nawaelewa zaidi. Mtu ambaye kilio chake hakijasikilizwa ukimletea wimbo wa amani, hata upigwe vizuri namna gani, masikioni mwake ni sauti ya mlango unaofungwa. Ndugu zangu, tumefanya hivyo mara ngapi na mahubiri yetu ya kusameheana?

Mwaka 1952 alialikwa India. Alipiga huko ili kuchangisha fedha za wenye njaa, na huko akamsikia Ravi Shankar. Hapo ndipo bingwa alipokutana na muziki ambao ubingwa wake haukuufikia. Wahindi wana raga, yaani mipangilio ya sauti ambayo mpigaji hubuni muziki juu yake, na kila raga ina wakati wake: ipo ya alfajiri, ipo ya jioni, ipo ya usiku uliokwisha kuwa mwingi. Wana pia hesabu yao ya hisia, ambazo kwa mapokeo ni tisa, na mojawapo ni ile ya huzuni na huruma kwa pamoja, neno moja kwa mambo mawili. Sitar ina vyuma vidogo shingoni, lakini mpigaji huuvuta uzi pembeni, na sauti ikapanda taratibu kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kulia.

Ilichukua miaka 14 mpaka wawili hao wakapiga pamoja jukwaani, mwezi Juni 1966 katika mji wa Bath, Uingereza. Menuhin alikuwa na miaka 50. Akaketi chini. Sehemu yake ilikuwa imepangwa kabla, kwa kuwa hakukulia katika kubuni papo hapo kama mwenzake, wala hakujifanya anajua. Alifanya vilevile alipopiga jazi na Mfaransa Stéphane Grappelli miaka ya 1970: Grappelli alibuni apendavyo, Menuhin alipiga alichoandikiwa, na alikubali wazi kwamba kwenye uwanja ule mwalimu ni mwenzake. Sahani aliyorekodi na Shankar ilipata tuzo ya Grammy, lakini hilo mimi limenipita tu. Lililonikaa ni lile zulia. Mtu aliyeitwa bingwa tangu utotoni, akiwa na nusu karne, ameketi sakafuni anajifunza jinsi watu wengine wanavyohuzunika.

Nikakumbuka rafiki watatu wa Ayubu. Huwa tunawalaumu sana, na kweli walikuja kuongea mengi ya hovyo. Lakini mwanzo wao ulikuwa mwema: waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makuu mno (Ayubu 2:13). Shida ilianza walipofungua vinywa.

Sasa naomba niseme kama mwalimu wa kwaya.

Mwaka juzi mama mmoja wa mtaani kwetu alifiwa na mumewe. Familia ilitoka Fizi, upande wa Kongo, wakakaa Kigoma miaka kadhaa kabla ya kuhamia hapa Dar es Salaam. Kwaya tulikwenda usiku wa pili wa msiba, tumejiandaa. Sauti zote nne zilikaa mahali pake. Ubeti wa tatu, alto waliposhuka vizuri pale walipokuwa wanakosea wiki nzima mazoezini, nilifurahi moyoni. Nasema hili kwa aibu: nilikuwa msibani, nafurahia alto. Mjane alikuwa ameketi kwenye mkeka, macho makavu, anatuangalia kama mwenyeji anayesubiri wageni wamalize. Tulipomaliza akasema asante.

Ndipo bibi mmoja, shangazi wa marehemu, akaanzisha wimbo kwa Kibembe. Peke yake, kwa sauti nyembamba iliyokwaruza. Wanawake wa kwao wakaitikia. Mjane akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, na kilio ambacho ndugu zake walikuwa wanakingoja tangu jana yake kikatoka.

Wiki mbili zilipopita nilimwendea yule bibi. Nilimwamkia, akanipa kigoda, nikamuuliza kama tuliwakosea. Akanishika mkono. "Hapana, mwanangu. Muliimba muzuri sana." Akanyamaza kidogo. "Lakini muliimba. Hamukulia."

Nikamwomba atufundishe ule wimbo. Alikubali, akaja kanisani Jumamosi tatu. Jumamosi ya kwanza nilikaa na daftari ili niuandike kwa do-re-mi, kama ninavyoandika nyimbo zote. Nikafika mahali nikakwama. Kuna sauti moja, katikati ya mstari wa pili, isiyokaa kwenye do-re-mi. Mpiga kinanda wetu akabonyeza kitufe cheupe, bibi akatikisa kichwa. Akabonyeza cheusi kilicho jirani, bibi akatikisa kichwa tena. Akaimba tena yeye, na sauti ile ikapita katikati ya vitufe viwili, mahali ambapo kinanda hakina kitu kabisa. Na hapo hasa ndipo wanawake wa kwao walipokuwa wanafumba macho.

Kijana wetu wa fidla ndiye aliyeipata. Fidla haina vile vyuma vinavyoikata shingo ya gitaa vipande vipande. Shingo yake ni laini tupu, kidole kinatua popote, na kikisogea kwa unene wa ukucha tu sauti inabadilika. Ndiyo maana ugumu wake ni mkubwa kwa anayeanza, na ndiyo maana imeweza kuhama nchi hadi nchi. Ilizaliwa Italia, ikafika kusini mwa India, ambako wapigaji huketi chini na kuiegemeza mguuni. Ikafika Misri, ikajifunza zile sauti za Kiarabu zilizo katikati ya sauti. Huko Zanzibar ni kiungo cha taarab tangu zamani, na sisi tuliokulia pwani tumeisikia ikilia harusini kabla hatujajua kwamba ina asili ya Ulaya. Popote ilipofika ilikubali kufundishwa kilio cha mahali pale.

Basi kijana alisogeza kidole taratibu huku bibi akiimba, hata wakakutana. Bibi akasema, "Hapo." Neno moja tu. Sisi wengine tulihitaji Jumamosi mbili zaidi kufika pale kwa koo zetu, na wengine hatujafika mpaka leo.

Jumanne ile nilimwomba kijana anionyeshe fidla yake kwa ndani. Akamulika kwa tochi ya simu kwenye lile tundu lenye umbo la herufi f. Ndani kuna kijiti cha mbao, unene wake ni wa penseli, kimesimama wima kati ya ubao wa mbele na ubao wa nyuma. Hakina gundi wala msumari. Kinasimama kwa sababu kimebanwa pande mbili. Wafaransa na Waitalia wanakiita roho ya fidla. Kazi yake ni kuuchukua mtetemo wa mbele na kuufikisha nyuma, ili mwili wote utetemeke pamoja. Nyuzi zikilegea sana kinaweza kuanguka. Yeye kilimwangukia ndani ya daladala, akafika mazoezini, fidla haina sauti, inalia kama boksi linalogongwa. Kwa nje haikuwa na hata mkwaruzo.

Nilipomsikiliza nilikumbuka neno la Waebrania ambalo kwa Kiswahili chetu limekaa vizuri kuliko ninavyoweza kulieleza: "Kwa kuwa hamna kuhani mkuu asiyeweza kuchukuana nasi katika mambo yetu ya udhaifu" (Waebrania 4:15). Kuchukuana. Pale Bethania Bwana wetu alijua anakwenda kumfufua Lazaro. Alikuwa amekwisha kuwaambia wanafunzi wake. Angeweza kumwambia Mariamu, nyamaza, dakika chache tu utamwona kaka yako. Lakini Yohana anasema kwamba alipomwona analia, na wale waliofuatana naye wanalia, "aliugua rohoni, akafadhaika roho yake", kisha "Yesu akalia machozi" (Yohana 11:33, 35). Mwenye jibu mkononi alilia kwanza. Tena alilia kama walivyolia wao, hadharani, njiani kwenda kaburini, katikati ya majirani waliokuja kuomboleza kwa desturi ya kwao. Majirani wenyewe walimwona, wakasema jinsi alivyompenda.

Nasi je? Kwaya zetu zimejaa watu wa makabila mengi, na mitaa yetu zaidi. Mara ngapi tunaingia kwenye nyumba ya mtu na wimbo wetu uliokwisha kupangwa, pamoja na andiko letu na maneno yetu ya faraja, tukamaliza, tukanywa chai, tukaondoka, na mwenye msiba bado amekauka macho? Sisemi tuache tenzi zetu. Tenzi zimenilea mimi, na Mungu akipenda zitanisindikiza. Lakini Mtume alisema lieni pamoja nao, na mtu hawezi kulia pamoja na mtu ambaye hajamsikiliza anavyolia.

Menuhin hakuwa Mkristo, alikuwa Myahudi, na jina lenyewe Yehudi maana yake ni Myahudi. Mwaka 1977, akiwa amezeeka kidogo, alisaidia kuanzisha Uingereza kazi ya kuwapeleka wanamuziki vijana hospitalini, magerezani na kwenye nyumba za wazee, wakapige pale pale kitandani. Alifariki Machi 1999, mjini Berlin, mji uleule wa konseto tatu za utotoni na wa wale wakimbizi waliokataa kumsikiliza.

Wapendwa, nawaomba jambo moja la maombi. Nyuma ya kituo cha daladala kuna familia imefiwa na mtoto wa miaka minne. Ni Wamakonde kutoka Newala, wamehamia mwezi uliopita, na katika kwaya nzima hatuna anayejua hata wimbo mmoja wa kwao. Nilimpitia bibi yetu wa Fizi kumuuliza tufanye nini. Akasema hata yeye hawafahamu watu hao, lakini atakwenda mapema akaketi na mama wa mtoto. Tumekubaliana Jumamosi saa kumi jioni. Akinamama waje na khanga, mikeka tutabeba miwili. Kinanda kitabaki kanisani.