Kenge wa Springi za Land Cruiser

Kuchomelea nilijifunzia jua kali ya Kamukunji, Nairobi. Kwa hiyo nilipoombwa kusaidia jamii moja ya Waarrernte, wenyeji wa asili wa nchi ile, nje ya mji wa Alice Springs katikati ya Australia, kuunda sanamu kwa vyuma chakavu, nilidhani ni kazi ya wiki moja. Magari mabovu yamejaa kandokando ya barabara za huko, maana kuyavuta hadi mjini ni gharama. Chuma kipo, vijana wapo, nangoja nini?

Nikachora kenge, kichwa juu, mdomo wazi. Bibi mmoja mwenye kauli katika hadithi za eneo lile akautazama mchoro, akanyamaza. Kisha akainama, akapitisha kidole mchangani: mstari mmoja unaopindapinda, na alama za makucha huku na huku. "Mkia," akasema. Wao humtambua kenge kwa mburuzo wa mkia wake kabla hawajamwona. Nikaukunja mchoro wangu. Kwetu kenge ni tusi. Kwa familia yake ni chakula, tena ni mmoja wa wahenga waliopita wakiiumba nchi, na si kila mtu ana haki ya kumuunda. Ruhusa ya wazee tuliingoja siku tisa. Sijutii hata moja.

Uti wa mgongo na mkia tukavitengeneza kwa springi za nyuma za Land Cruiser, zile za vyuma bapa. Hapo nilikwama. Mara mbili nilichomelea jioni, asubuhi nikakuta ufa mwembamba kama unywele. Chuma cha springi kina kaboni nyingi. Kikichomelewa kikiwa baridi, au kikipoa haraka, hukakamaa na kupasuka. Na ilikuwa Julai, usiku wa jangwani unauma mpaka mifupani.

Tukaanza kukipasha moto kwanza. Lakini kukipoza taratibu? Bibi akaonyesha majivu ya motoni: kenge huzikwa humo, aive polepole. Tukakizika kiungo kwenye majivu ya moto usiku kucha. Hakikupasuka, hicho wala vingine vilivyofuata.

Sasa kenge wetu amelala pale, mita tatu, tumbo limegusa ardhi. Nyuma yake watoto huchora mburuzo wa mkia mchangani, na upepo ukiufuta, wanauchora tena.