Kukhu, mbwa na kopo la Kimbo

Jumapili usiku, Nakuru

Mama, ambaye watoto wangu humwita Kukhu, yaani nyanya, amepanda matatu asubuhi hii kurudi Butere. Ametuachia njugu nusu gunia, jogoo ambaye watoto wamekataa achinjwe, na jambo moja ambalo nimelibeba tangu Ijumaa. Naliandika sasa kabla halijapoa.

Ijumaa mvua ilitufungia ndani. Wanaokaa mtaa wetu wa Section 58 wanajua: ikianza saa kumi jioni, hutoki tena. Mke wangu alikuwa zamu ya usiku. Mimi nilibaki na ugali wa kusonga, watoto wawili, na mama yangu kwenye kochi, miguu ameifunika leso. Kijana wa duka la muvi alikuwa amenijazia flashi, na mwanangu wa miaka sita alitaka kitu kimoja tu: ile katuni ya mbwa anayeongea. Inaitwa Up. Ilitengenezwa Marekani na studio ya Pixar, ikatoka mwaka 2009, mwelekezi wake Pete Docter. Mbwa mwenyewe haonekani mpaka hadithi iwe imekwenda mbali. Mwanangu analijua hilo kwa moyo, kwa hivyo sehemu ya mwanzo huwa anasukuma gari lake la mbao sakafuni.

Mama hasikii Kizungu. Basi nikajipa kazi ya DJ Afro: nikakaa kando yake nikimtafsiria, nikitia chumvi pale mambo yalipolegea. Huyu mvulana mwenye miwani anapenda habari za wasafiri. Sasa amekutana na msichana mwenye maneno mengi. Msichana anamwonyesha kitabu chake, anasema akikua atahamia kwenye maporomoko fulani ya maji huko Amerika Kusini. Mama alikuwa anaitikia "ee", "ee", kwa adabu, kama anayesikiliza matangazo ya kanisani.

Kisha wale watoto wakakua, wakaoana, nami nikakosa kazi.

Kwa dakika kama nne hivi hakuna anayesema neno. Ni muziki tu, wa Michael Giacchino, wimbo mmoja unaoanza kwa kuchezacheza na kumalizika kwa piano peke yake, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Wanatengeneza nyumba. Wanalala kwenye nyasi wakitazama mawingu, mawingu yanageuka watoto wachanga. Wanapamba chumba cha mtoto. Halafu ni hospitali, mke ameinama, daktari anaeleza kitu tusichokisikia.

Binti yangu ana miaka kumi na mmoja. Akauliza, "Kwani mtoto wao ameenda wapi?"

Nilikuwa bado natafuta jibu. Mama akanitangulia.

"Hakuja."

Neno moja, macho hayajatoka kwenye televisheni. Mimi na dada anayenifuata tumeachana miaka saba. Sijawahi kuuliza kwa nini.

Ikafuata ile chupa. Wanatia sarafu kwenye chupa kubwa ya kioo, akiba ya safari ya maporomoko. Gurudumu la gari linapasuka, chupa inavunjwa. Mume anavunjika mguu, chupa inavunjwa. Mti unaangukia paa, chupa inavunjwa. Wanazeeka hivyo hivyo, na safari haijasafiriwa.

Yetu ilikuwa kopo la Kimbo, lile kubwa, mfuniko umetobolewa kwa kisu, likikaa chini ya kitanda cha wazazi nyuma ya jembe. Baba alikuwa na mdogo wake aliyefanya kazi Mombasa, na huyo baba mdogo aliwahi kutuma picha yake akiwa amesimama chini ya zile pembe za ndovu za barabarani, mikono kiunoni, kama ni yeye aliyeziweka pale. Picha hiyo ilimkaa baba rohoni. Alitaka kumpeleka mama akaione bahari. Alisema hahitaji kuuliza njia, kwa sababu reli iliyoanzia Butere ikienda Kisumu, ikapita hapa Nakuru, ikapita Nairobi, ndiyo hiyo hiyo inayofika majini. Ni kulala tu na kuamka.

Kopo lilifunguliwa upepo ulipong'oa mabati ya jikoni. Likafunguliwa kaka yangu alipoitwa kidato cha kwanza. Likafunguliwa ng'ombe alipougua, na tukampoteza ng'ombe na pesa pia. Mara ya mwisho ninayoikumbuka ni mimi, nilipokuwa naenda chuo. Baba alihesabu sarafu juu ya mkeka, akazifunga kwenye karatasi za daftari, shilingi mia mia. Hakuna aliyelia wala kutoa hotuba. Lilifungwa tena, likarudishwa nyuma ya jembe. Baba alifariki mwaka 2016. Bahari hakuiona.

Mbele ya televisheni nilisimama nikasema naangalia sufuria. Jikoni hakukuwa na kitu motoni.

Nimejiuliza siku mbili hizi kwa nini mzee wa kuchorwa ndiye anayenifanya hivyo, ilhali nimeona wazee wa nyama na damu wakifiwa kwenye filamu za kawaida nikaendelea kutafuna njugu. Nadhani ni kwa sababu yule wa kuchorwa hana mwenyewe. Uso wa mwigizaji ni wake. Akilia, kuna kona ya kichwa changu inayojua kwamba amelipwa, na kesho nitamkuta kwenye tangazo la simu. Lakini Carl, mzee wa Up, ni mraba. Kichwa mraba, miwani mraba, kiti chake mraba. Mkewe Ellie ni wa duara, na wachoraji walikusudia iwe hivyo. Baba yangu hakuwa mraba hata kidogo, alikuwa mwembamba mrefu kama muwa. Hata hivyo mle ndani ya mraba mlikuwa na nafasi, akaingia.

Tena katuni hutukuta bila kujifunga. Ukienda matanga unajua unakokwenda, unajikaza toka nyumbani, unabeba kitambaa. Katuni unaiwekea watoto. Unakaa hapo na tonge mkononi, nusu unatazama, nusu unawaza kodi ya nyumba, na ndipo inapokupata.

Watoto je? Mwanangu aliinua kichwa mara moja tu, Ellie alipokuwa hayupo tena na Carl amekaa kanisani na puto lake.

"Amekufa?"

"Ndiyo."

"Haya. Mbwa bado?"

Simlaumu. Nilikuwa hivyo hivyo. The Lion King ilitoka mwaka 1994 nikiwa na miaka kumi, tukaitazama kwa mwalimu jirani, mwenye video peke yake pale kijijini, watoto ishirini kwenye saruji. Tulichorudi nacho nyumbani ni Pumbaa. Tulicheka wiki nzima kwamba Wazungu wamemwita ngiri jina la mtu aliyeduwaa, na kwamba ngiri mwenyewe hajui. Baba wa Simba alianguka, tukaona, tukapita. Sasa nikiitazama na watoto wangu siwezi kuangalia yule mwana akijaribu kumwamsha baba yake. Na hii ni yetu kidogo, watu wa kaunti hii: baadhi ya waliotengeneza filamu ile walikuja kutembea Hell's Gate, pale Naivasha, wayaone majabali kwanza ndipo wachore. Kila nikipita huko kwa baiskeli za kukodi na watoto, wao wanatafuta twiga. Mimi natazama korongo.

Wanaotunga hizi katuni nao ni wazazi, na nafikiri wengi wao wanaungama humo. Andrew Stanton aliyeelekeza Finding Nemo amesimulia jinsi alivyompeleka mwanawe bustanini, akajikuta njia nzima anasema usishike hiki, usiende pale, mpaka siku ikaharibika. Hofu yake akaivisha magamba, akaitia baharini. Mtoto anaona samaki aliyepotea. Mimi naona mtu aliyekuwa anafokafoka bustanini, na namjua, maana Jumamosi iliyopita nilikuwa yeye, pale Nyayo Gardens.

Turudi Ijumaa. Mbwa alifika, nyumba ikawa kelele, mama akacheka hadi leso ikaanguka. Alimpenda mbwa sana. Alisema kuna shemasi kwao anayeongea vile, anaanza sentensi moja kisha anaona kitu dirishani.

Karibu na mwisho Carl anafungua kile kitabu cha mkewe. Kuna sehemu Ellie aliyokuwa ameiachia mambo atakayoyafanya, na mzee siku zote aliamini kurasa zile ni tupu, kwamba amemnyima mke wake maisha aliyoyataka. Anafunua. Zimejaa picha: arusi, vyakula, siku za kuzaliwa, viti vyao viwili. Chini kuna maandishi ya mkono. Hapo kazi yangu ilirudi. Nikamwambia mama, anamshukuru kwa safari waliyosafiri, anamwambia aende akaanze nyingine. Sauti yangu haikufika mwisho wa sentensi, binti yangu ndiye aliyeimalizia.

Mama hakusema kitu. Aliokota leso, akauliza kama mboga zimetosha watu wote.

Jana hatukulitaja. Asubuhi hii mfuko wake ulikuwa tayari mlangoni, chai mkononi, matatu ikiwa bado saa moja hivi. Akaniambia, "Weka ile ya mzee. Pale mwanzo tu."

Mwanangu akaleta vurugu. Kama inawekwa, iwekwe kwa mbwa. Kukhu akamwambia asubiri, yeye ni mgeni na anaondoka. Mjukuu akanuna, akachukua gari lake.

Nikaiweka. Hapakuwa na la kutafsiri. Nyumba ikatengenezwa, mawingu yakapita, chumba kikapambwa, akavitazama vyote. Chupa ikavunjwa mara zake. Mke akawa anamfunga mume tai, leo ya mistari, kesho ya madoa, tai baada ya tai, nywele zikaanza kuingia mvi. Wakawa wanacheza dansi sebuleni kwao, wamezeeka, taratibu.

"Simamisha hapo," akasema.

Nikasimamisha. Wakabaki wamekumbatiana. Mama akanywa chai yake yote, bila haraka, akiwatazama. Kisha akaniwekea kikombe mkononi.

"Sasa mpe mtoto mbwa wake."